Tikiti la Sevinchi

"Mzee Torchi, ni kweli ulimla mke wako?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimesimama ukingoni mwa mfereji wake wa maji, vidole vya miguu vimezama topeni. Watoto wote wa mji wetu wa Kocho walikuwa wakilisema hilo, lakini kwa mbali, miguu ikiwa tayari kukimbia. Mimi nilikwenda kumwuliza mwenyewe kwa sababu nilitaka kujua. Alinitazama kama mtu anavyomtazama inzi aliyetua kwenye mkate, akaokota ganda la tikiti, akanirushia. Lilinipata sikioni. Sikupata jibu lingine siku hiyo, wala mwaka huo, wala mwaka uliofuata.

Torchi alikuwa mkata matikiti. Hakuwa muuzaji, na wakati ule hata kulima hakulima sana; kazi yake ilikuwa kukata. Kwa miaka ishirini na minane, kila jua lilipokaribia kuzama nyuma ya ukuta wa mji, aliingia jikoni kwa Wateule wa dini ya Mani, akanoa kisu, akaanza. Wateule wenyewe walikuwa hawakati kitu. Ndani ya kila tikiti, walisema, umo mwanga wa Mungu uliofungwa kama mahabusu, na kisu kikiingia, mwanga ule hulia. Hawakulima, maana jembe huumiza ardhi. Hawakuchuma, maana tawi nalo lina uchungu wake. Hawakukanyaga nyasi. Hawakuoga kwa maji, kwa jinsi walivyoyahurumia maji, na huruma hiyo mtu aliisikia puani tangu akiwa langoni.

Lakini kula walikula. Loo! Walikula mara moja tu kwa siku, jioni, ila mlo huo mmoja ungemtoa ngamia jasho. Na haikuwa ulafi, sharti uelewe, ilikuwa ibada. Mwanga uliomo ndani ya tikiti ukipita kwenye tumbo la Mteule hufunguliwa, hupanda mwezini, na kutoka mwezini huenda zake kwa Mungu. Tumbo la Mteule ni mlango. Tumbo la mtu mwingine yeyote, la Msikilizaji, yaani muumini wa kawaida kama Torchi, aliyeoa, anayekula nyama ya kondoo na kulala na mkewe, ni tumbo tu. Kinachoingia humo hakiendi popote. Hubaki hapahapa duniani.

Basi nani akate? Torchi. Na dhambi ya kukata aibebe nani? Torchi huyohuyo.

Walimkumbusha kila siku, asije akasahau. Aliwapangia vipande kwenye sinia, akaingia ukumbini, akasimama mbele yao kisu bado kiko mshipini kinachuruzika. Walikaa kwa safu, kanzu nyeupe, kofia ndefu, mikono laini kama matumbo ya wanakondoo. Kila mmoja aliinua kipande chake na kukisemesha, si kwa sauti ya chini:

"Mimi sikukupanda. Mimi sikukuchuma. Mimi sikukukata. Aliyekukata, naye atakatwa vivyo hivyo. Mikono yangu ni safi."

Kisha wakauma. Vinywa thelathini, jioni baada ya jioni, kila kinywa kikimwekea Torchi kisu shingoni, huku maji ya tikiti yakiwatiririka kwenye ndevu. Baada ya kushiba walimwombea. Dua yenyewe ilikuwa fupi, nusu yake kucheua.

Mimi hapo ndipo ninaposhangaa. Torchi aliwadharau watu wale kuanzia kofia hadi nyayo, na bado aliwaamini. Aliwadharau kama mtu anavyomdharau mlinzi wa lango mlevi, lakini funguo anajua ziko kwake.

Sevinchi, mke wake, hakuwa na tabu hiyo. Yeye ndiye aliyelima. Shamba lao lilikuwa nje ya lango la mashariki, mahali mfereji unapotoka chini ya ardhi maji yakiwa baridi ya kuumiza meno, na matikiti yake yalisifika hadi kwa wapishi wa Mfalme. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita mbuzi aliye ng'ambo ya bonde, na jioni Torchi aliporudi alimpokea kwa swali lilelile.

"Haya, mume wangu, leo wamekukata mara ngapi?"

"Thelathini."

"Na bado unatembea! Wamekula mangapi?"

"Usiulize mambo ya watukufu."

"Wahman je?"

"Manne."

"Manne! Mtu mmoja! Mwezi utapasuka mwaka huu, sikiliza ninavyokwambia."

Mar Wahman, hilo Mar likiwa jina la heshima, ndiye aliyekuwa Mteule mkuu wa jikoni, kwa maana kwamba hakuna aliyekula kumzidi. Tumbo lake lilitajwa kwa heshima. Wajane walitoka vijiji vya mbali kuleta tikiti moja tu, na kuomba liliwe na Mar Wahman, kwa sababu fundisho lilikuwa hivi: Msikilizaji mwema akifa, huenda roho yake ikaingia kwenye mche, ikazaliwa ndani ya tikiti, na tikiti hilo likiliwa na Mteule kwa dua, roho inatoka, kwisha, hairudi tena kwenye mavumbi haya. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote ambayo mkulima wa Kocho angeweza kutumainia. Kuliwa na Wahman.

"Mimi nikifa," Sevinchi alisema siku moja akipepeta mbegu, "nipitishe tumbo lolote, ila lile la Wahman usinipitishe. Anacheua mno. Nitafika kwa Mungu nimezibwa masikio."

"Nyamaza, mwanamke. Usifanye dhihaka."

"Kama lazima nipite tumboni, si afadhali lako? Angalau nalijua. Nimelilisha miaka ishirini."

"Kwangu utakwama."

"Ndiyo hapo sasa," akasema Sevinchi, akaendelea kupepeta.

Alikufa majira ya kuchipua, siku tisa baada ya kupanda. Upepo wa mchanga ulivuma siku mbili, naye akatoka kufunika miche kwa majani makavu, akarudi anakohoa, akalala, hakuamka. Torchi aliyekuwa amesikia kila jioni kwamba atakatwa hakuwahi kufikiria kwamba angeanza kukatwa upande huo.

Mar Wahman alikuja mwenyewe mazishini. Alitembea katikati ya njia, mbele yake ametangulia Msikilizaji wa kumfagilia wadudu, na alipofika aliweka mkono laini kwenye bega la Torchi.

"Usilie, mkataji. Alipanda kabla ya kufa?"

"Alipanda, mtukufu."

"Basi yumo shambani. Tikiti la kwanza la shamba lake niletee mimi. Nitalila mwenyewe, lote, kwa dua kamili. Nakuahidi."

Torchi akambusu mkono. Baadaye alikuwa akiusugua mdomo wake kila akikumbuka.

Kuanzia hapo akawa mkulima. Ua la kwanza kufunga tunda, pale mfereji unapoanza, alilifunga uzi mweupe kwenye kikonyo. Alilitandikia majani ya mforosadi lisilale kwenye unyevu. Alfajiri aliligeuza kidogo, adhuhuri alilifunika jua lisiliunguze. Wapita njia hawakumwacha.

"Mzee Torchi, mkeo hajambo?"

"Hajambo. Ameongezeka uzito."

"Anasemaje leo?"

"Anasema wewe ni mpumbavu, kama alivyokuwa akisema zamani."

Tikiti likiwa la ukubwa wa ngumi, Mfalme akabadili dini.

Yaani hakubadili kwa ghafla. Alikuwa akiwajengea watawa wa Buda mahekalu kwa miaka, na huku kwa Wateule bado akipeleka ngano na mafuta, kama mtu mwenye wake wawili. Lakini mwaka ule alichoka kulisha nyumba mbili. Amri ikasomwa langoni: nyumba ya Wateule itakuwa ya watawa, pamoja na bustani, jiko, sufuria na watumishi. Wateule wakatawanyika. Wazee wawili walikufa kwa huzuni, na hao Torchi aliwasamehe. Kumi na kitu walipakia vitabu juu ya ngamia wakaelekea magharibi, wakimwomba kila mtu njiani awapandishe na kuwashusha. Waliobaki walikaa wakafikiri, wakaangalia jiko, wakafikiri tena.

Mar Wahman alitoka asubuhi na nywele mabegani. Adhuhuri akarudi kichwa kinang'aa, amevaa joho la manjano, jina lake jipya Punyashiri.

Torchi alimkuta uani, akihema kwa joto.

"Mar Wahman! Umefanya nini?"

"Usiniite hivyo. Na usipayuke. Buda na Mani wamefundisha mwanga mmoja, mkataji. Ni taa mbili, mafuta mamoja."

"Basi hakuna kilichoharibika. Tikiti langu utalila?"

"Tikiti gani?"

Torchi alimtazama. Jasho lilikuwa likishuka kwenye fuvu lile jipya, jeupe juu, jekundu chini, mfano wa figili.

"La Sevinchi," akasema.

"Aa. Ndiyo. Lakini jioni siwezi tena. Sisi tunakula kabla ya jua kupita utosini. Baada ya hapo, maji tu."

"Sisi nani?"

"Sisi watawa."

"Una siku ngapi katika usisi huo?"

"Mkataji, angalia ulimi wako."

"Haya. Ule mchana, basi. Lakini dua useme. Dua na tumbo ndivyo ulivyoniahidi, saa nitakusamehe."

Wahman akatazama huku na huku. "Likiiva, lilete. Tutaona."

Torchi alibaki na kazi yake, maana watawa nao walikula matikiti. Hao walikuwa na vituko vyao. Walimwacha akate mbele za watu bila haya, hata walimwambia ahsante, jambo lililomfanya ajihisi kama amekanyaga mahali ambapo ngazi haipo. Lakini kivuli! Katikati ya ua walisimamisha fimbo, na chini yake jiwe jeupe. Kivuli cha fimbo kikigusa jiwe, ni adhuhuri, vinywa vinafungwa. Basi asubuhi walikaa kwa utulivu kama sanamu, na jua likipanda walianza kutafuna kwa kasi, jicho moja bakulini, jicho moja kwenye fimbo, mpaka mwishoni ungedhani kuna mtu anawafukuza. Mmoja alikamatwa na kivuli akiwa na zabibu shavuni, akakaa nayo mpaka kesho yake asubuhi, hajui ateme au ameze.

"Wale walikula wakinilaani, hawa wanakula wakikimbia," Torchi alimwambia Esen, mwoka mikate aliyekuwa na tanuri nyuma ya jiko na ulimi usiolala. "Hivi hakuna dini ambayo watu wanakaa tu wakala?"

"Ipo," akasema Esen. "Yangu. Njoo ule mkate."

Tikiti liliiva mwezi wa saba. Liligeuka rangi ya dhahabu, likapasuka nyufa ndogondogo kuzunguka kikonyo, na harufu yake ilimpokea Torchi kabla hajafika shambani. Alilichuma mwenyewe. Alilibeba kifuani, amelifunga kwa kitambaa cha kichwa cha Sevinchi, akapita nalo sokoni hamsalimii mtu. Usiku uliotangulia hakulala, akijiuliza kama mwanga unajali saa, na kama mtu aliyenyoa bado ni mlango. Aliamua kwamba tumbo ni lilelile. Kichwa ndicho kilichonyolewa.

Alichelewesha makusudi. Alitaka liwe la mwisho, asije mtu mwingine akapewa kipande. Watawa walikuwa wameshamaliza wali, kivuli kimebakiza upana wa vidole vinne, alipoingia ukumbini na sinia, uzi mweupe bado uko kwenye kikonyo. Alipita safu yote, akaliweka mbele ya Wahman.

"Hili ni lake," akawaambia waliokuwa wakinyoosha shingo. "Kuna ahadi."

Mkuu wa watawa, alikuwa mzee mkavu aliyeitwa Sinsai. Aliangalia fimbo tu.

Torchi akakata.  Wahman akaona nyama ya tikiti, nyeupe inayoelekea ukijani, maji yakimeta, na uso wake ukalegea wote. Hakuwa ameshiba tangu aanze kula kwa kukimbizana na fimbo. Akainua kipande. Na kwa kuwa mkono uliinuka kama ulivyozoea kuinuka kwa miaka ishirini na minane, mdomo nao ukafuata:

"Mimi sikukupanda. Mimi sikukuchuma. Mimi sikukukata. Aliyekukata, naye ata..."

 Kijiko kimoja kilianguka.

"Punyashiri," akasema Sinsai kwa upole, "unazungumza na nani?"

Wahman akabaki na kipande hewani. "Na... si mtu, mkuu."

"Na tunda?"

Mtawa mmoja akacheka puani. Mwingine akamfuata.

"Hakuna anayekulazimisha kukaa hapa," Sinsai akasema. "Kama hayo ndiyo maneno yako, yamalize, ule, utoke kwa heshima zako. Njia ya magharibi iko wazi. Kama siyo yako, yaache. Ila chagua upesi, kivuli kimefika."

Na kweli kilikuwa kimebaki kidole kimoja.

Torchi akapiga magoti mbele ya bakuli lile. "Mar Wahman, malizia. Neno moja tu limebaki. Sema nitakatwa, sijali, nimezoea! Sema, umeze. Ni Sevinchi."

Wahman alimtazama Torchi, akatazama mlango ambao nje yake kulikuwa na jua, mchanga na safari ya miezi mitatu. Akatazama sufuria. Nasema alitazama sufuria, kwa sababu Torchi mwenyewe alimwona, na jambo hilo hakuwahi kumsamehe. Kisha akakirudisha kipande kwenye sinia, taratibu, kwa ncha za vidole, kama kitu kilichooza.

"Ulimi uliteleza," akasema. "Mambo ya ujinga wa zamani. Mtumishi, liondoe hili, wape punda."

Kivuli kikagusa jiwe. Vinywa vyote vikafungwa.

Torchi akalivuta sinia. Alivipanga vile vipande kimoja kimoja mpaka tikiti likasimama tena zima, akalifunga kwa kitambaa. Alipofika mlangoni aligeuka, akawatazama wote, wa kale na wapya, vichwa vyao vimepangwa kama mafungu ya figili sokoni, akatema mate chini. Hiyo ndiyo hotuba pekee aliyowahi kuitoa katika nyumba ile, na hakurudi tena.

Alikaa nyuma ya tanuri la Esen mchana wote, tikiti mapajani. Esen alimletea mkate, akakataa. Alimletea divai, akanywa.

"Tafuta Mteule mwingine," Esen akashauri. "Huenda yuko mmoja kijiji cha juu."

"Nimtafute nimpe mke wangu amwambie hakumfanya kitu? Wote ni hivyo, Esen. Yule anakula na kusema si mimi. Huyu anaacha kula na kusema si mimi. Mwezi mzima umejazwa na watu wa si mimi."

"Sasa utafanyaje? Likikaa mpaka kesho litachacha."

Torchi aliendelea kulipakata. Jua likashuka, ukuta wa mji ukawa mwekundu, ikafika saa ambayo kwa miaka yote ile alikuwa akibeba sinia. Akafungua kitambaa. Akainua kipande mbele ya uso wake, na Esen, aliyejifanya anakoleza moto, alisikia kila neno.

"Nilikuchuma mimi," Torchi alisema. "Nilikukata mimi. Mikono yangu ndiyo hii. Ninakula mimi."

Akala. Alikula lote, polepole, mpaka kwenye kijani cha ganda, machozi na maji ya tikiti yakitiririka pamoja kwenye ndevu, na hakumpa Esen hata kipande, na Esen hakuomba. Lakini kesho yake asubuhi kila aliyekuja kununua mkate aliuziwa na habari, na kufikia jioni Kocho yote ilijua kwamba Torchi amemla mkewe.

Wahman alinenepa katika joho la manjano. Alikuja kufa miaka sita baadaye, adhuhuri, na watu wakasema alikuwa na kitu kinywani. Torchi hakwenda mazishini. Alikuwa shambani, na shamba lake lilikuwa limekua hadi kupita mfereji. Matikiti yake yakawa yanasifika tena kwa wapishi wa Mfalme, ingawa watawa wakituma mtu kununua, alirudishwa na kikapu kitupu na maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilipita huko nikitoka shule. Nina miaka kumi na tano. Alikuwa amepiga magoti, anachimba vishimo kwa kidole, pembeni ana kitambaa cha kichwa cha mwanamke kilichofifia rangi, kimejaa mbegu. Alinitambua, sijui kwa nini. Labda kwa sikio.

"Wewe ndiye yule mwenye mdomo," akasema.

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Bado unataka kujua?"

Nikasogea karibu, nikasema bado.

"Nilimla," akasema mzee Torchi, bila kuinua kichwa. "Jioni, kama inavyotakiwa. Wao walitaka kumpeleka mwezini, nani amlimie huko? Mimi mbegu nilizitema zote, sikumeza hata moja. Sasa rudisha mguu nyuma, mwanangu. Umemkanyaga."